Uzoefu wangu na masomo ya Kiingereza ya jioni hapa Mtwara

Dukuduku hili ninalo tangu msimu wa korosho. Nimeona nilitoe.

Mimi nahesabu magunia bandarini. Nilijiandikisha kwenye kituo kimoja cha Kiingereza hapa mjini, na wiki za mwanzo, wallahi, nilikuwa nalala na daftari. Mwalimu alituambia Warumi walikuwa na neno portare, yaani kubeba. Ukilishika hilo, export ni kubeba kupeleka nje, import ni kuleta ndani, transport ni kuvusha, report ni kurudi na habari, support ni kubeba kwa chini ili kitu kisianguke. Ni kama sisi kwenye soma tunavyopata somo, msomi na msomaji. Maneno niliyokuwa nayaona kila siku kwenye makaratasi ya korosho bila kuyaelewa yakaanza kusema nami.

Ikaja siku ya opportunity. Akaandika ubaoni kwamba nayo ni kubeba, eti kubeba nafasi. Nikanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, mbona bandari nayo ni port? Hili halitoki huko?"

Akanitazama toka kichwani hadi kwenye kandambili. "Wewe mbeba magunia, umekuja kujifunza au kunifundisha?"

Darasa zima likacheka. Mle ndani yumo binti wa jirani yangu, yuko kidato cha nne, huwa ananiamkia kwa heshima zote. Aliinamisha kichwa. Hapo ndipo paliponiuma, na panauma mpaka leo.

Nikaazima kamusi nene kwa shemeji. Kumbe bandari kwa Kilatini ni portus, neno lake mbali, na opportunity imetoka huko! Warumi waliposema opportunus walikuwa na maana ya upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Jamani, mimi ni mtoto wa Mikindani! Babu yangu alikuwa akikaa Unguja na jahazi lake kungoja kaskazi imrudishe nyumbani. Neno lililoelezwa hivyo ningelisahau vipi? Hata passport imo humo humo: kupita bandarini. Somo tamu namna hiyo, mwalimu akalikanyaga kwa sababu aliyeuliza ana vumbi la korosho.

Nilikaa kuandika kwamba msiende. Lakini haki ya Mungu, njia ile ya mizizi inafundisha kuliko kukariri orodha, na leo barua ya meli naisoma mwenyewe bila kumwita karani. Basi nendeni. Hapana, nikilikumbuka lile cheko naghairi: msiende, angalau si darasa la jioni.

Ada ya mwezi wa pili nilishalipa na sikurudi. Siidai. Ninachodai ni asimame mbele ya darasa lile lile, binti yule akiwemo, aandike portus ubaoni, na aseme nani aliuliza.