Kamera ya IP ya megapikseli 4: maandishi ya juu ya picha na setingi za strimu

Karibuni watazamaji. Mezani kuna kamera ya IP ya megapikseli 4 inayotumia waya mmoja wa PoE, yaani waya wa mtandao unaobeba na umeme, saizi inayofaa nyumba ya mtaa wa Kisasa hapa Dodoma au ghala la mahindi Kibaigwa. Picha yake mchana ni safi sana. Setingi inazotoka nazo kiwandani ndizo sizikubali.

Tuanze na saa, maana rekodi yenye tarehe ya uongo haina msaada ukiipeleka polisi. Weka GMT+3, zima DST, ile ya kusogeza saa kwa msimu, sisi hatusogezi saa. Halafu washa NTP, yaani kamera ichukue saa yenyewe kupitia mtandao. Kamera nyingi za aina hii hazitunzi saa umeme ukikatika. Ukirudi unaona 1970. Ghalani hakuna intaneti? Ielekeze kwenye anwani ya rekoda, ile mashine inayohifadhi video za kamera, kama rekoda yako inagawa saa. Tarehe ianze na mwaka, kwa sababu 03/04 mmoja atasoma Aprili, mwingine Machi.

Sasa fungua menyu ya OSD, yaani maandishi ya juu ya picha. Jina liseme mahali: "GHALA 2 LANGO". Angalia hapa, tarehe imekaa juu kulia na nyuma yake ni anga jeupe la Dodoma: maandishi meupe yamepotea kabisa. Chagua rangi yenye ukingo mweusi, au ishushe kwenye kona yenye kivuli. Ila usiiweke pale magari yanapopita. Maandishi haya yanachomwa ndani ya video yenyewe, namba ya gari ikifunikwa huipati tena. Na kama rekoda nayo inaandika saa yake, zima moja; saa mbili zinazopishana ni mlango wa ubishi.

Kwenye strimu kuu, yaani video inayorekodiwa, nimekuta mbano wa video wa H.264, fremu (picha) 25 kwa sekunde, 4096 kbps, yaani kilobiti kwa sekunde. Hiyo ni kama GB 44 kwa siku kwa kamera moja. Funga nne, diski ya TB 1 haifiki siku sita. Weka H.265, mbano mpya zaidi, fremu 15, kikomo 2048 kbps, unapata kama siku 11. Nafasi kati ya fremu kamili, zile zenye picha nzima badala ya mabadiliko tu, iwe 30, yaani sekunde mbili. Ukiiacha 100 na mtandao ukayumba, picha inabaki madoa ya kijivu kwa sekunde kadhaa.

Usiku ndipo VBR, biti zinazopanda na kushuka kufuata mwendo kwenye picha, inapotusumbua huku kwetu. Kiangazi upepo unainua vumbi, taa ya infraredi inaligonga, na kila chembe inayong'aa kamera inaihesabu kuwa mwendo. Biti zinapanda mpaka kwenye kikomo, na picha ya mtu inakosa biti za kutosha. Punguza geini kwanza, yaani kiasi kamera inachokuza mwanga hafifu, kisha futa kioo kwa kitambaa laini. Usikimbilie kuongeza biti.

Strimu ndogo ni ya simu: 640 kwa 360, 512 kbps, ibaki H.264 ili ifunguke kwenye simu za zamani. Inakula kama MB 230 kwa saa. Strimu kuu inakaribia GB moja kwa saa, na bando lako unalijua. Ukubwa wa herufi usiuache mdogo, kwenye strimu hii hazisomeki.

Ukimaliza, subiri giza. Pitisha gari langoni taratibu, taa zikiwa zimewashwa, kisha fungua rekodi, siyo picha ya moja kwa moja. Namba ikivutika, pandisha kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga kwa kila fremu) kutoka 1/25 hadi 1/100 ya sekunde, ujaribu tena.