Kozi ya ujasiriamali kwa wanachuo, Dodoma: nenda na bidhaa yako

Wadogo zangu wa vyuoni, kozi hii ya jioni naipa nyota nne. Mwalimu aliweka pakiti yangu ya ubuyu mezani, akanitajisha kila shilingi iliyomo: sukari, iliki, mkaa, mfuko, bodaboda ya kutoka Soko la Majengo. Kisha akauliza, “Na jasho lako, dada, tuliwekee bei gani?” Darasa zima likaanza kupiga hesabu upya. Nilimpenda sana kwa hilo.

Nyota moja nimeibana kwa sababu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 ni ya vijana, ilipitiwa juujuu, na maswali yalikuwa tele.

Kusajili jina la biashara BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) mnaelekezwa kwa simu, palepale. Beba namba ya NIDA.