Agrovet ya Kangemi: hawa wanakuuliza maswali kabla ya kukuuzia dawa

Kama unafuga kuku wa mayai hapa Nairobi, hata kama ni wachache tu nyuma ya nyumba, hii agrovet ya karibu na stage ya Kangemi ijue mapema kabla shida haijakupata. Nawapa nyota nne kwa tano na sababu kubwa ni moja, hawakimbilii kukuuzia dawa.

Maana tumezoea hivi, kuku akinyamaza kona unaenda duka lolote unapewa antibiotiki ya unga uchanganye kwa maji, umelipa umeenda. Tetea wangu alikuwa amesimama wima isivyo kawaida, mkia chini, anajikamua, anaingia kwa kiota anatoka bila kitu, chakula hataki, na duka la kwanza nilipopitia wakanipa hiyo hiyo antibiotiki bila swali hata moja. Hapa Kangemi daktari, ni mama mmoja ana usajili wake wa Kenya Veterinary Board umebandikwa ukutani, akaniuliza alitaga lini mwisho, anakula nini, umri gani, anakunya kweli? Halafu akasema mlete. Alimpapasa tumboni pole pole akanishika mkono nami niguse, kitu kigumu kabisa, yai limekwama.

Akamkalisha kwa beseni ya maji ya vuguvugu kama dakika 20 hivi, akapaka mafuta ya kulainisha pale pa kutagia, akamdunga sindano ya kalsiamu, akaniambia, "Mama, nenda umweke kwa katoni mahali pana joto na giza, watoto wasimsumbue, na lisipotoka leo rudi, usingoje." Yai lilikuja jioni. Kitu alichonirudia sana ni usilivunje yai likiwa ndani, maganda yanamkata na yaliyobaki yanaoza tumboni, na ukikaa nalo siku moja mbili ukisema litatoka tu unaweza kumpoteza.

Ile sehemu ya chakula ndiyo ilinifungua macho. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, yenye kalsiamu, na kuku akikosa kwa chakula anaitoa kwa mifupa yake mwenyewe, halafu hata misuli ya kusukuma yai inahitaji hiyo hiyo kalsiamu. Sasa growers mash, chakula cha kuku wanaokua, ina kalsiamu kama asilimia 1 tu na layers mash, ya wanaotaga, inafika 3.5 mpaka 4, na wengi hapa mtaani tunawaacha kwa growers na mabaki ya ugali hata wakishaanza kutaga. Akaniuzia chokaa ya mawe niweke chombo chake pembeni, kila kuku ajichukulie anayohitaji.

Jirani yangu naye alimpeleka kuku wake ametokwa na nyama nyekundu nyuma, ikasafishwa ikarudishwa ndani, na akaambiwa amtenge siku hiyo hiyo kwa sababu kuku wakiona wekundu wanadonoa mpaka wanamuua. Mwingine alikuja na mayai laini yasiyo na ganda, akaulizwa chanjo ya Newcastle ilikuwa lini, maana si kila ganda bovu ni shida ya chokaa. Na kuna mteja alitaka antibiotiki kwa nguvu wakamkatalia, wakamweleza mayai ya kuku aliye kwa dawa hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwa paketi ziishe. Hiyo ni heshima kwa sisi tunaokula hayo mayai.

Nyota moja nimewatoa kwa sababu chokaa na DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) wanazipima kwa vifuko vya khaki bila kuandika kitu juu, ukifika nyumbani hujui ni ipi, tafadhali waandike. Pia Jumapili daktari hayuko, na kijana anayebaki ni mpole lakini hawezi kumshika kuku.

Piga simu kwanza ujue kama yuko, na kuku mbebe kwa katoni yenye matundu, boda wa hapo stage hawakatai.