TAHADHARI: Mikanda ya kunasulia, sheko na matairi feki yanayouzwa kwa wenye 4x4 Arusha na Moshi

Wadau wa Land Cruiser, Defender, Prado na Hilux, hasa mnaopiga njia ya Natron, Simanjiro na Ndutu: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu yetu na tangazo la "seti kamili ya kunasulia gari, mzigo wa Australia, bei ya kumaliza stoo". Jina la ukurasa linabadilika kila likichafuka, ila picha ni zile zile: begi la rangi ya chungwa, mkanda wa meta 9, sheko mbili (pete za chuma za kuunganishia mkanda na gari), glavu na kompresa ndogo pembeni. Mzigo ule ni feki, na kwenye kifaa cha aina hii feki inaua.

Anavyofanya kazi. Mkikutana Arusha anakutolea mkanda wa kuonyesha, na huo ni halisi kabisa: mzito, umeshonwa vizuri, anakuachia uushike utakavyo. Ukishalipa unapewa begi jingine, limeshonwa mdomo. Ukitaka kulifungua pale pale anakwambia waranti itakufa. Hakuna waranti ya mkanda inayokufa kwa kufungua begi. Walioko Moshi, Karatu au Babati anawataka watume nusu kwanza ili apakie kwenye basi, na lipa namba anayotoa inasoma jina la biashara isiyohusiana kabisa na spea za magari. Mzigo unafika, ukiuliza swali la kwanza tu simu haipokelewi.

Sasa tuuangalie mkanda wenyewe, maana hapo ndipo penye hatari. Mkanda wa kunasulia kwa kurusha, ule ambao gari linalovuta linaondoka mkanda ukiwa bado umelegea chini, lazima uwe wa nailoni. Nailoni inanyumbuka. Mkanda mzuri ukielemewa hasa unarefuka kwa asilimia 20 hadi 30, kisha unarudi, na kule kurudi ndiko kunakoling'oa gari kwenye tope. Poliesta hainyumbuki hivyo, ndiyo maana inatumika kufungia mizigo kwenye malori na kurefushia kamba ya winchi, ile mashine ya kukokotea gari.

Piga hesabu uone tofauti. Gari la tani 3 likienda kilomita 10 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 11.6. Mkanda ukilisimamisha ndani ya sentimita 80, nguvu ikifika kileleni inakuwa kama tani 3, na vifaa vya kawaida vinahimili. Likisimamishwa ndani ya sentimita 20, kilele kinaruka hadi karibu tani 12. Kasi ile ile, dereva yule yule. Kwa tani 12 lazima kitu kiachie, iwe mshono, sheko au ndoano ya kwenye chesisi, na kikiachia kinaruka kama risasi kuelekea kioo cha mojawapo ya magari.

Anachouza huyu bwana ni mkanda wa kufungia mizigo wa milimita 50, umekunjwa mara mbili, ukashonwa na kupakwa rangi. Mikanda ya mizigo inayofuata kiwango cha Ulaya huja na lebo ya rangi: bluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Yeye anaikata ile ya bluu, anashona yake iliyoandikwa kilo 8,000. Angalia jirani na tanzi la mwisho: vitobo vya sindano ya lebo ya zamani vinabaki, mstari mfupi usio na uzi. Pitisha kitambaa cheupe chenye spiriti juu ya mkanda, rangi ya kupaka itabaki kwenye kitambaa. Tanzi halisi lina ala ya kulilinda lisisuguliwe na chuma, na mshono wake ni mrefu, safu kwa safu, uzi mnene. La kwake ni mistari michache ya cherehani ya kawaida, na nyuma utaona uzi umelegea.

Mingine ni mibaya zaidi, ni polipropilini, nyuzi zile zile za viroba. Kuipima haihitaji maabara. Chomoa nyuzi chache kwenye ncha ya mkanda, zitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, zizamishe kwa kidole mpaka mapovu yatoke. Zikipanda juu na kuelea ni polipropilini, rudisha begi. Nailoni na poliesta zote zinazama, kwa hiyo hatua ya pili ni moto. Shika nyuzi kwa koleo, uwe nje na mbali na mafuta, uziguse kwa kiberiti. Poliesta inatoa moshi mweusi wenye masizi. Nailoni inayeyuka na kudondoka, moshi wake ni mweupe mweupe. Muuzaji akikataa usichomoe hata uzi mmoja, umeshapata jibu na hujatoa hela.

Kuhusu ukubwa, msidanganywe na namba kubwa. Nguvu ya kukatika ya mkanda iwe mara 2 hadi 3 ya uzito wa gari jepesi kati ya mawili, likiwa na mzigo wake. Land Cruiser iliyopakiwa inafika tani 3 na kitu, kwa hiyo mkanda wa kilo 8,000 unaitosha. Huyu sasa ana toleo la "tani 15, kwa kazi nzito". Hata ungekuwa wa nailoni kweli, ukiufunga kwenye gari jepesi kama Jimny hautanyumbuka, na utakuwa umerudi kule kule kwenye sentimita 20. Kumbukeni pia kwamba nailoni iliyolowa hupungua nguvu, inaweza kufika asilimia 20, na kwenye udongo wa mbuga wakati wa masika hakuna mkanda mkavu. Ukirudi, uoshe kwa maji matupu na uuanike kivulini. Mchanga unaobaki ndani ya nyuzi unazikata taratibu.

Sheko, ile pete ya chuma yenye umbo la U na pini ya kukaza kwa hesi. Za kwake zimeandikwa 4.75T. Sheko ya kweli ya tani 4.75 ina mwili wa milimita 19 na pini ya milimita 22. Hizi ukizipima kwa kalipa zinatoka 16 na 19, ambacho ni kipimo cha sheko ya tani 3.25. Fundi yeyote wa Unga Limited, hapa Arusha, ana kalipa, muombe dakika moja. Maandishi yawe yamechomoza kutoka kwenye chuma chenyewe, yakiwa na herufi WLL (yaani mzigo wa kazi), uzito na alama ya mtengenezaji. Rangi ya kupulizia au stika haina maana. Na mkiona sheko imeandikwa "28T" kwa ukubwa ule ule, hiyo ni nguvu ya kuvunjika, ambayo kwa sheko nzuri huwa kama mara 6 ya mzigo wa kazi. Anayewauzia kama uzito wa kubeba hajui anachouza au anajua sana. Pini ikazwe mpaka mwisho, kisha irudishwe robo mzunguko, la sivyo baada ya mvuto mmoja haitafunguka.

Ndani ya begi kuna karatasi ya maelekezo inayosema tanzi livishwe kwenye boli ya kuvutia tela, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Hiyo karatasi ichaneni. Boli ya tela haikutengenezwa kwa mshtuko wa aina hii. Inakatika na kuruka na mkanda, na watu wamekufa hivyo, Australia hasa. Hata zile pete nyembamba chini ya gari zilizowekwa kwa ajili ya kulifunga melini si za kunasulia. Tumia ndoano iliyofungwa kwenye chesisi kwa bolti zake, tupa blanketi zito katikati ya mkanda, na watu wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda. Kule Ndutu wageni hupenda kusogea wapige picha, dereva awazuie.

Kamba "ya sintetiki ya winchi" anayouza nayo ni nailoni ya kusokota. Hapa kipimo cha maji kinageuka: kamba halisi ya winchi inaelea, ni laini ya kuteleza mkononi na karibu hainyumbuki. Ya kwake inazama. Winchi inavuta polepole, na kamba inayonyumbuka inajaza nguvu yote ndani yake ikisubiri kukatika.

Kompresa imeandikwa lita 300 kwa dakika na ina plagi ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Fyuzi ya pale kwa kawaida ni ampia 10 au 15, na kwa volti 12 hiyo ni wati 180 kwa wingi. Kompresa ya kasi hiyo inakula ampia 30 na kuendelea, ndiyo maana zote za kweli zinakuja na vibanio vya betri.

Siku hizi ameongeza matairi, "mtumba wa Japani, kama mapya", na hapa amewapata wengi wenye magari ya utalii. Tarehe ya tairi ni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tarehe kamili huweza kuwa upande mmoja tu, na yeye hulaza tairi upande huo ukiwa chini. Mwambie aligeuze. Tarakimu za kiwandani zimekaa ndani ya kidirisha chao, kina kimoja, kingo safi. Zilizochongwa upya kwa chuma cha moto zina kina tofauti tofauti, na mpira unaozizunguka unang'aa kwa sababu umepigwa msasa na kupakwa rangi nyeusi. Kisha kunja ubavu kwa goti, nyufa ndogo zitajifungua.

Muhimu kuliko tarehe ni ndani. Ingiza tochi, pitisha mkono kwenye ubavu. Ukikuta mduara uliokwanguka na unga mweusi wa mpira, tairi hilo liliwahi kuendeshwa bila upepo na nyuzi zake za ndani zimekufa. Kwenye lami linaweza kukaa muda bila kukuonyesha chochote. Siku utakayoshusha upepo hadi psi (kipimo cha upepo) 18 au 20 ili uvuke korongo la mchanga kati ya Engaruka na Natron, ubavu ule utapasuka, na spea uliyonunua kwake ni ndugu yake. Angalia pia namba ya uzito: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 116 ni 1,250, 123 ni 1,550. Anayebeba abiria saba, majokofu na madumu ya dizeli asinunue la 112 eti kwa sababu meno ni marefu.

Malipo: lipa baada ya begi kufunguliwa na kupimwa, kwenye gereji unayoifahamu, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Jina linalotokea kwenye lipa namba lisipofanana na jina la kwenye risiti, acha. Namba inayokutapeli itume TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia 15040. Bidhaa feki zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Hifadhi begi, lebo, muamala na mazungumzo yote, usifute hata sauti.

Aliyekwisha kununua mkanda na umegundulika ni poliesta, unaweza kuutumia kufungia madumu kwenye keria, ila kata matanzi yote mawili na ile lebo ya kilo 8,000 leo hii, asije dereva wa zamu akauokota garini na kuutumia kunasulia. Polipropilini choma lebo na utupe, jua la hapa litaimaliza hata kwenye keria. Wenye picha za lebo na sheko hizi wekeni hapa chini, mfunike namba za simu za watu.