Chupa Inasema Ladha Yake ni ya Chakula. Mapafu Je?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina chupa ya mililita 60 ya juisi ya vepu, yaani kimiminika kinachovutwa kwa sigara ya kielektroniki, ladha ya kastadi. Jina la kampuni nimelibandika karatasi, kwa sababu ninachotaka mkione kimo kwenye chupa nyingi, si hii peke yake.

Nasogeza kamera. Nyuma hapa: gliserini, propilini glaikoli, nikotini, viungo vya ladha. Chini yake, kwa herufi nene: "ladha za kiwango cha chakula". Muuzaji naye alinigusia mstari huohuo kwa kidole akaniambia, "Hivi ni vitu vya kuliwa, dada, havina neno."

Hapo ndipo nilipokwama, na video yote ya leo ni ya mstari huo.

Uji ni chakula. Lakini mtoto akipaliwa na uji, nyumba nzima inasimama. Hakuna mama anayesema "muacheni, si uji tu?" Uji ni uleule, njia ndiyo iliyobadilika. Unachokila kinapita kwenye tindikali ya tumbo, kisha damu inayotoka utumboni inapita kwanza kwenye ini, na ini linavunjavunja mengi kabla hayajaenea mwilini. Pafu halina bawabu kama huyo. Kuta za vifuko vyake vya hewa ni nyembamba mno ili oksijeni ipenye, na mengine yanayovutwa pamoja nayo yanaifikia njia hiyohiyo.

Sasa twende Missouri, Marekani. Mwaka 2000 iligundulika kuwa watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi za maikrowevu walikuwa wanaugua mapafu kwa namna isiyo ya kawaida: mirija midogo kabisa ya hewa ilikuwa imejaa makovu na kuziba. Makovu hayo hayafutiki. Wachunguzi walipoingia kiwandani, hali mbaya zaidi waliikuta kwa wachanganyaji, wale waliosimama karibu na mafuta ya soya yaliyopashwa moto na kutiwa ladha ya siagi. Kiini cha ladha hiyo kilikuwa kemikali iitwayo diasetili. Ugonjwa ukaitwa mapafu ya bisi.

Na diasetili, ndugu zangu, ilikuwa imekubaliwa kwenye chakula! Ipo hata ndani ya siagi yenyewe, kwa asili. Aliyekula bisi hakudhurika hivyo. Aliyevuta mvuke wake siku nzima kazini ndiye aliyepoteza pumzi.

Hicho kibali cha chakula kinatoka wapi? Kule Marekani, sheria ya mwaka 1958 iliruhusu viungo vinavyotambulika na wataalamu kuwa salama kutumika kwenye chakula. Chama cha watengenezaji wa ladha, FEMA, kikaunda jopo la kuvipima kimoja kimoja: mtu anakula kiasi gani kwa siku, mwili unakivunjaje, kikizidi kinafanya nini. Ni kazi nzito na siidharau. Lakini swali lake ni la kula, na FEMA wenyewe wametamka wazi kwamba tathmini yao haihusu kuvuta. Kwa hiyo anayeandika "kiwango cha chakula" kwenye vepu ameazima jibu la swali jingine.

Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki, wakakuta diasetili kwenye 39. Nisiwatie hofu isiyo na mizani: kiasi hicho si sawa na cha kiwandani, na moshi wa sigara ya kawaida nao una diasetili, tena nyingi. Hiyo haifanyi kastadi hii iwe salama.

Tuitendee chupa yetu haki. Imeandikwa "haina diasetili", nami naipongeza kwa hilo. Uingereza, kwa mfano, haikubali diasetili kwenye juisi hizi. Ila imewekwa nini badala yake? Viwanda vingi viligeukia pentanedioni, ndugu yake wa karibu, nayo ikaharibu njia za hewa za panya maabara. Chupa hii haisemi. "Viungo vya ladha", basi.

Na hata ukivijua vyote kwa majina, vanila na mdalasini vina kemikali zinazoungana na propilini glaikoli ndani ya chupa, kabla hujaiwasha, na kuzaa kitu kipya ambacho hakikuorodheshwa popote.

Alama zangu: kifuniko kinachowashinda watoto, 5 kwa 5. Harufu nzuri, sikatai. Maelezo ya ladha, sifuri. Siipendekezi kwa asiyevuta, na kijana asiisogelee kabisa.

Wewe ambaye tayari unavuta, ukianza kukohoa mfululizo au kukosa pumzi ukipanda ngazi, usimwambie daktari "navuta" ukaishia hapo. Mwaka 2019 huko Marekani maelfu walilazwa, na mshukiwa mkuu alikuwa vitamini E asetati, kitu kinachomezwa na kupakwa ngozini bila shida, kilichotiwa kwenye mafuta ya bangi ya kuvuta. Taja unachovuta, taja na ladha yake. Chupa yenyewe itie mfukoni uende nayo.