World Land Trust: sadaka inayonunua msitu

Nawapa nyota tano hawa World Land Trust wa Uingereza na nasema kwa moyo mmoja. Wanachangisha watu wa kawaida kama sie, kisha zile pesa zinanunua msitu kabla haujakatwa, walianza 1989 kule Belize, Amerika ya Kati, na kilonifurahisha mie zaidi ni kuwa ardhi hawaiandiki jina lao, inamilikiwa na jumuiya ya nchi hiyo hiyo na wenyeji ndo wanaokuwa walinzi. Hilo kubwa sana, msitu bila wenyeji haulindiki.

Huku kwetu Zanzibar ardhi ni ya serikali kwa hiyo mtindo ule hauji sawasawa, lakini tazama kisiwa cha Chumbe, sehemu yake imekodishwa, na pesa za watalii ndo zinalinda matumbawe na paa nunga, usiku unamuona yule kaa mkubwa wa nazi anajivuta taratibu kwenye mawe, mashallah. Na kima punju wetu jamani, nje ya Zanzibar hana kwao, msitu wa Jozani ukiisha ataenda wapi?

Kuchangia ni kwa kadi ya benki kwenye intaneti, hata kidogo wanapokea.