Kulala Bagamoyo: kabla hujalipa, nusa ukuta

Aprili nilimpeleka mama mkwe Bagamoyo siku mbili, apumzike, anywe chai akiangalia majahazi. Chumba nilikipenda kwenye simu: nyumba ya kale ndani ya Mji Mkongwe, mlango wa nakshi, chandarua cheupe kimefungwa fundo kama kilemba cha bibi harusi. Nikatuma hela yote. Tulipofika saa nane mchana mapokezi panafuka udi, nikajisemea, ukarimu wa Pwani huu. Usiku ndipo nilipojua udi ule ulikuwa na kazi gani.

Mto ulinuka. Foronya safi kabisa, imepigwa pasi, lakini mto unanuka. Nikaugeuza, kule nako kulekule. Saa saba usiku nikawasha tochi ya simu, nikavuta kitanda. Nyuma ya ubao wa kichwani rangi imefura malengelenge; ukiligusa moja linapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Chini yake fangasi weusi wamepanda hadi usawa wa goti. Mama mkwe, kwa ule upole wa wakwe, akasema tu, "Mwanangu, chumba kizuri, ila kama kuna kitu kimelowa mahali."

Asubuhi nikamwita msimamizi. "Dada, hiyo hewa ya bahari tu." Nikamwambia, "Kaka'angu, bahari hata kwetu Kunduchi ipo, na hainuki soksi."

Basi mambo ya wifi, bwawa na umbali wa ufukwe mtayasoma kwingine. Mimi sasa naangalia kitu kimoja tu: ukuta umepigwa lipu ya nini.

Nyumba za zamani za Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko. Unyevu unapanda kutoka ardhini, hilo halizuiliki, lakini chokaa inauachia utoke taratibu. Magofu ya Kaole, hapo jirani na mji, yanahesabiwa kuwa ya karne ya 13, hayana hata paa, na kuta za matumbawe na chokaa bado zimesimama. Siku hizi mwenye nyumba akitaka wageni anaita fundi, anapiga lipu ya saruji, juu yake rangi ya mafuta, picha zinatoka safi. Maji yamefungiwa ndani. Hayana pa kutokea, yanasukuma chumvi na rangi pamoja. Halafu wanafunga kiyoyozi, madirisha hayafunguliwi tena mwaka mzima, na godoro linakunywa kilichobaki.

Kwa hiyo usilipe kabla hujaingia chumbani. Omba chumba ambacho hakikulaliwa jana. Fungua kabati, ingiza kichwa, vuta pumzi. Weka kiganja ukutani usawa wa goti, si usawa wa macho. Ukipata pahali palipochubuka, kwaruza kwa ukucha: ukitoka unga mweupe laini, si ile chumvi ya malengelenge, ni chokaa, ukiwa mgumu wa kijivu ni saruji, chukua begi lako. Na ukikuta udi unafuka mchana kweupe, uliza kwa adabu kuna shughuli gani.

Sasa pa kulala. Nafasi ya kwanza, na sifichi mapenzi yangu: Travellers Lodge. Vibanda vyake vimesimama kimoja kimoja ndani ya bustani, karibu na bahari, upepo unapita pande zote. Sisemi zaidi, mtadhani nimelipwa. Sijalipwa, hata punguzo sijawahi kupewa, na nimeomba.

Ya pili ni vyumba vya ghorofani kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Ghorofani tu. Unyevu unachoka kabla haujafika juu, na dirisha la juu lina upepo wa kweli. Vyumba hivi mara nyingi ni vyembamba, maana upana uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa hiyo msilalamike kwamba sanduku halipiti. Chumba cha chini cha nyumba hiyohiyo wakikupa kwa nusu bei, kataa. Mimi nilikuwa chini.

Ya tatu, nyumba za wageni za kanisa, ule upande wa misheni ya Kikatoliki ya 1868. Kitanda chembamba, chai ya rangi na mkate, madirisha wazi. Ukipenda starehe utanuna.

Gesti za karibu na stendi: shuka yako, kufuli yako, usiku mmoja. Basi.

Kuhusu chai ya asubuhi nina neno. Mji huu unaamka na vitumbua na supu ya pweza, halafu mgeni aliyelipa pesa zake analetewa vipande viwili vya mkate mweupe na yai lililochemshwa tangu alfajiri. Nimeuliza vitumbua, nikaambiwa wageni hawavili. Mimi ni nani, kwani?

Na bei! Kanuni za serikali za 2025 zimekataza kutangaza na kudai bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni, lakini juzi nimempigia mwenye nyumba ya wageni mmoja simu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili, akanitajia dola 45. Nikamuuliza shilingi ngapi. Kimya, nasikia anabonyeza kikokotoo, akaja na hesabu ya kiwango ambacho hakuna benki inayokijua. Wiki ya tamasha la sanaa pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ndiyo usiulize kabisa. Chumba kilekile, malengelenge yaleyale, bei imevaa suti. Nilipodai nirudishiwe hela ya usiku wa pili wa Aprili nikaambiwa ofisi italishughulikia. Ofisi yenyewe ni huyohuyo kaka wa hewa ya bahari.

Doti ya kanga niliyoipanga kwenye kabati lile nimeifua mara tatu, mara ya mwisho na ndimu. Majina yake bado yanasomeka vizuri. Mama mkwe ameiomba aifanye vitambaa vya kushikia sufuria.